Majani ya Kiangazi na Mkate wa Akiba: Sura Moja ya Historia ya Kibakwe

Kila mwaka wanafunzi wangu hupata taabu kwa jambo moja katika kazi ya kufasiri. Hukuta katika vitabu vya Ulaya habari za majira yale ambamo majani ya miti hugeuka rangi, yakawa manjano na mekundu, kisha yakapukutika. Na watu wa mashamba, mavuno yakiisha kuingia ghalani, hukaa karibu na tanuri wakaoka mikate ya maboga na maandazi ya matunda. Wanafunzi huuliza: majira hayo tuyaite nini? Mmoja huandika "vuli". Mwingine huandika "demani". Wa tatu huyaogopa maneno yote mawili, akaandika "wakati wa majani kupukutika". Huyu wa tatu ndiye aliye karibu na kweli kuliko wenzake. Vuli ya pwani ni mvua chache zinyeshazo kati ya Oktoba na Desemba. Huleta majani, haiyaondoi. Demani ni wakati wa pepo za kusi zilizokwisha kupoa. Maneno hayo mawili ni mali ya mabaharia na wakulima wa pwani, na kipimo chake ni bahari.

Kwa miaka mingi niliwajibu wanafunzi hao kwamba majira hayo hatunayo, na kwamba mfasiri hana budi kuyachukua kama kitu kigeni, mfano wa theluji. Siku hizi nimeliacha jibu hilo, maana si kweli. Ni jibu la mtu aliyeisahau nchi aliyozaliwa. Kwetu Kibakwe majani hugeuka rangi, hupukutika, na wakati huo huo ghala hujaa na majivu ya jikoni hayapoi. Lakini maana ya mambo hayo kwetu si ile ya Ulaya, na tofauti hiyo ndiyo niitakayo kuieleza hapa, kwa kuwa ndani yake mna historia ya watu wengi.

Kibakwe ni mji mdogo katika Wilaya ya Mpwapwa, Mkoa wa Dodoma. Upo kusini mwa mji wa Mpwapwa, upande wa milima ya Rubeho. Wakaao huko ni Wagogo, na pamoja nao Wahehe, Wakaguru na watu wengine waliohamia kwa ndoa, kwa kilimo na kwa biashara. Uwanda wa Dodoma hupata msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka. Masika hayo, au kifuku kama wasemavyo watu wa bara, huanza mwisho wa Novemba au Desemba, yakaisha Aprili. Na katika mji wa Dodoma jumla yake kwa mwaka wa kawaida ni kiasi cha milimita 570. Milimani mvua huzidi. Miezi mingine yote ni mikavu, na wakati huo mtu, mnyama na mti huishi kwa kile kilichowekwa.

Mwezi wa Mei majani yangali mabichi. Juni na Julai baridi hushuka usiku, upepo wa kusini-mashariki huvuma mchana kutwa, na nyasi hugeuka kuwa rangi ya simba. Mbuyu huvua majani yake mapema, ukasimama mtupu miezi mingi. Kisha mnamo Agosti hufuata miti ya miombo iliyo vilimani: mtundu, myombo, na pamoja nayo mninga. Majani yake huwa manjano, halafu kahawia, halafu rangi ya shaba, na upepo huyachukua mpaka uani. Mtu apandaye kilima asubuhi husikia mlio wa miguu yake mwenyewe. Lakini ajabu iliyo kubwa ni ile ifuatayo. Mwezi wa Septemba na wa Oktoba, wakati jua ni kali kuliko wakati wote na mvua ingali mbali kwa majuma mengi, miombo ile ile hutoa majani mapya, nayo si ya kijani. Ni mekundu kama damu, mengine ya rangi ya divai, mengine ya dhahabu. Kilima kizima huonekana kama kinawaka moto. Siku chache baadaye wekundu hufifia, ukijani ukaingia, na mti huwa tayari kuipokea mvua ambayo bado haijaja.

Wataalamu wa mimea hutueleza sababu. Katika nchi za baridi, siku zikipungua, mti huacha kutengeneza ukijani wa majani yake. Rangi za manjano zilizokuwa zimefichwa hutokea, na katika miti mingine jani hufanya rangi nyekundu kabla ya kufa. Kwetu adui si baridi, ni kiu. Mti hupukutisha majani ili maji yaliyobaki katika shina na mizizi yasipotee hewani. Halafu mvua ikikaribia, miombo hutumia sehemu ya akiba hiyo kutoa majani mapya, na wekundu huo hudhaniwa kuwa kinga ya jani changa dhidi ya jua. Basi yafaa msomaji aone tofauti. Katika Ulaya wekundu ni rangi ya jani linaloaga; Kibakwe ni rangi ya jani linalozaliwa. Nao mti wetu haufungi akiba yake yote, wala haumalizi yote. Nitarudi kwenye jambo hili, maana ndani yake mna kanuni ambayo akina mama wa Kibakwe huifuata katika ghala, na ambayo wageni wengi waliokuja katika nchi hii hawakuifahamu.

Tutoke kwenye miti, twende jikoni. Lugha yenyewe ni shahidi mzuri wa historia ya jiko. Maneno "kuoka", "jiko", "jivu" na "kuvumbika" ni ya Kibantu, ya zamani sana. Maneno "tanuri" na "hamira" yalikuja kwa njia ya bahari, kutoka lugha za Waarabu na Waajemi. Kwa hiyo tukimsikia mtu akisema kwamba kuoka kulikuja na Wazungu, tumwambie apitie kamusi kwanza. Wazee wetu walioka tangu kale, ila tanuri lao lilikuwa majivu. Jioni ya kiangazi, ugali ukiisha kuliwa, viazi vitamu huvumbikwa katika majivu yenye makaa chini, na boga zima huwekwa kando ya mafiga, likageuzwa geuzwa mpaka ganda lake likawa jeusi. Watoto hulala wakisikia harufu, wakaamka alfajiri kuvifukua.

Nafaka za zamani za Ugogo ni mtama na uwele, mimea ya Afrika, ivumiliayo ukame. Mahindi, muhogo na viazi vitamu asili yake ni Marekani. Wareno na wafanya biashara wengine waliyatawanya baada ya mwaka 1500. Hata hivyo sisi tuliyaita "mahindi", kana kwamba yametoka Bara Hindi, kwa sababu watu hukiita kitu kwa jina la njia wanayodhani kimepitia. Ngano ilikuwa mgeni wa mwisho. Wamisionari wa CMS walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870, na reli ya kati iliyojengwa na Wajerumani ilifika Dodoma mwaka 1910, ikamalizika Kigoma mwaka 1914. Stesheni ya Gulwe, iliyo karibu na mji wa Mpwapwa, ilifungua njia ya maduka. Na kwa maduka kukaja unga mweupe, sukari na sufuria. Hapo ndipo alipozaliwa mkate wa nyumbani kwetu, wenye wazazi wawili. Unga wa mahindi na wa ngano huchanganywa, boga lililopikwa huponda-pondwa ndani yake, hamira hutiwa, na donge hilo huwekwa katika sufuria iliyopakwa mafuta. Makaa huwekwa chini, na makaa mengine juu ya mfuniko. Ni namna ya kuvumbika, ila jivu limebadilishwa chombo.

Wakati huo huo kuna kazi nyingine ya majani, ambayo mgeni haioni. Majani yaliyochumwa wakati wa mvua, ya porini na ya shambani, hukaushwa juani, yakatwangwa kuwa unga, yakawekwa katika vibuyu na vyungu. Huo ndio mlenda mkavu, ambao Wagogo huuita *ilende*. Mwezi wa Oktoba, wakati hakuna mboga mbichi hata moja, nyumba yenye mlenda ina kitoweo. Basi katika Kibakwe kuna majani yaangukayo na majani yawekwayo, na mwanamke mwenye busara huyajua yote mawili. Yaliyoanguka humwambia ni muda gani umebaki kabla ya mvua; yaliyowekwa humwambia kama atafika.

Sasa tuitazame historia. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka pwani kwenda Unyamwezi na Ujiji ilipita Mpwapwa na Ugogo. Burton na Speke walipita Ugogo mwaka 1857, na Stanley alipita mwaka 1871 alipokuwa akimtafuta Livingstone. Wasafiri hao hawakuacha kulalamika juu ya hongo, yaani kodi waliyotozwa na watemi kwa haki ya kupita na kuchota maji. Lakini jambo moja hawakulitilia maanani sana: wapagazi wengi walikuwa wakulima, na iliwabidi kusafiri katika kiangazi ili wawahi kupanda mvua zikija. Kwa hiyo misafara mikubwa ilifika Ugogo wakati ghala zimejaa na miti imevua majani. Mamia ya watu wenye njaa walipita mlangoni wakiwa na nguo, shanga na waya mkononi. Mwenye nyumba aliona nguo leo, na njaa aliiona kwa mbali. Hongo, wasafiri waliyoiita unyang'anyi, twaweza kuiona pia kuwa ndiyo bei ya maji na chakula katika nchi isiyo na ziada ya uhakika. Mtemi aliyeruhusu nafaka yote itoke kwa ajili ya nguo, watu wake wangalivaa vizuri wakafa.

Kwamba maneno haya si ya kutia chumvi, historia ya mwaka 1916 yatuonyesha. Vita Kuu ya kwanza ilipofika katikati ya nchi, majeshi ya Kiingereza chini ya Van Deventer yaliingia Dodoma mwishoni mwa Julai 1916, na Mpwapwa mwezi wa Agosti. Msomaji aitazame miezi hiyo. Ndiyo miezi ya ghala zilizojaa. Kabla yao Wajerumani walikuwa wamekwisha kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Waingereza nao wakachukua ng'ombe, nafaka na vijana. Hesabu za jeshi ziliona chakula kingi kimelala, kisichotumika. Hazikuona kwamba chakula hicho kilikuwa cha Novemba, cha Januari na cha Machi, na kwamba mbegu ilikuwa ndani yake. Mvua za misimu iliyofuata zikapungua, na watu hawakuwa na akiba wala mikono ya kulima. Ndipo ilipokuja njaa ya mwaka 1917 hata 1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya, neno lenye maana ya kugombania. Homa kuu ya mafua ya mwaka 1918 na 1919 ikawakuta watu wamedhoofika. Makadirio ya utawala wa Kiingereza yalitaja vifo kama 30,000 katika wilaya ya Dodoma yenye watu kiasi cha 150,000.

Katika miaka hiyo watu wa uwandani walikwenda kuhemea katika nchi za jirani, wakabadilishana walichobakiza kwa vibaba vichache vya nafaka. Neno hilo "kuhemea" latumika sana katika mikoa ya kati, wala si neno la soko tu. Anunuaye huchagua, ahemeaye hana la kuchagua. Bibi yangu, aliyekuwa mtoto mdogo wakati ule, hakupenda kuisimulia Mtunya. Alichokifanya ni hiki: kila jioni ya kiangazi, baada ya kupima unga wa chakula, alirudisha konzi moja katika chungu. Tulimcheka. Hakutueleza sababu, nasi hatukuuliza. Ni mimi niliyekuja kuijua sababu hiyo miaka mingi baadaye, nikiwa katika maktaba, nikisoma tarehe za kuingia kwa majeshi na kuzilinganisha na miezi ya mavuno. Marehemu Mathias Mnyampala, mshairi na mwandishi mkubwa wa Dodoma, aliandika historia na mila za Wagogo kwa Kiswahili, kitabu kikatoka mwaka 1954. Kazi yake ilitufundisha kwamba historia yetu yafaa kuandikwa kwa lugha yetu. Ningependa kuongeza kwamba baadhi ya historia hiyo haikuandikwa kwa lugha yoyote. Iliandikwa kwa konzi ya unga.

Baada ya vita vya pili wakaja wageni wengine, safari hii wenye nia ya kulima. Katikati ya mwaka 1946 ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield ulizunguka Afrika ya Mashariki kwa majuma tisa, sehemu kubwa kwa ndege, kutafuta ardhi ya kulima karanga ili Uingereza ipate mafuta. Walipendekeza zaidi ya ekari milioni 3 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, na kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947, mahali palipokuwa wakati ule ndani ya Wilaya ya Mpwapwa. Ujumbe huo ulipita katika kiangazi, ukaona nchi pana yenye vichaka vikavu, kana kwamba imelala ikingojea trekta. Majuma tisa ni muda wa kuona jani likianguka. Si muda wa kuona mvua ikikosa. Vichaka vilivunja mashine, udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, mvua hazikufuata hesabu, na mwaka 1951 mpango uliachwa, hasara yake ikiwa paundi milioni 36 hivi. Sisemi kwamba waliopanga walikuwa wajinga. Walikuwa na elimu nyingi. Walichokosa ni mwaka mzima, au tuseme miaka kumi, ya kukaa mahali pamoja.

Mabadiliko mengine yalitoka kwetu wenyewe, nayo hayakuwa mabaya yote. Nyumba ya zamani ya Ugogo ni tembe, yenye paa tambarare la miti, fito na udongo. Paa hilo lilikuwa uwanja wa pili wa nyumba: juu yake mlenda ulikaushwa, na nafaka, na vipande vya maboga, mbali na mbuzi na kuku. Katika Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 watu wengi walihamia vijiji vya ujamaa, na tangu hapo shule, zahanati na nyumba za bati zikaenea. Bati halivuji, wala halina mchwa, na mtu aliyepata kulala katika tembe linalodondosha matope hatalilaumu. Lakini bati limeinamia upande, huwezi kuanika mlenda juu yake. Akina mama wakahamisha kazi hiyo kwenye mikeka na juu ya mawe makubwa. Wengine, kwa kukosa mahali, wakaiacha. Mara nyingi desturi haifi kwa kuwa mtu ameipiga vita. Hufa kwa kuwa mahali pake pamechukuliwa na kitu kizuri.

Nisimulie sasa jambo la nyumbani, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Kibakwe mwezi wa Septemba. Vilima vilikuwa vyekundu. Mama alikuwa amevuna magunia kumi na moja ya mahindi. Mfanya biashara alikuja na lori, bei ikiwa nzuri kuliko mwaka uliotangulia. Mdogo wangu alitaka kuuza magunia manane, alipe ada ya chuo na kununua pampu ya maji. Akaniambia, "Dada, wewe umesoma. Mweleze mama, atakusikia." Nami kwa kweli niliona ana haki. Nilichukua karatasi nikapiga hesabu: fedha za magunia manane, riba, bei ya mahindi ya Februari kwa makisio. Nilimsomea mama.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatupeleka ghalani. Akagusa magunia moja moja kwa mkono. Haya sita ni chakula hata Aprili. Hili ni mbegu, na la mtu atakayekuja kuomba mbegu. Haya matatu uzeni. "Na hili moja, wanangu, ni fungu la wageni. Si la kuuza, wala si la njaa. Tutasaga debe moja leo, nioke mkate, maana mmekuja." Mdogo wangu akasema kwamba bei ya leo haitarudi. Mama akamjibu, "Bei ya leo ni ya leo, mwanangu. Mwezi wa pili utakwenda kuhemea kwa nani?" Tuliuza matatu. Jioni ile tulikula mkate wa boga ungali moto, makaa yakiwa bado juu ya mfuniko, na watoto wa jirani wakaja bila kuitwa, kama ilivyo desturi.

Ningaliweza kumaliza hadithi hii kwa kusema kwamba mvua zilikosa na mama akaonekana mshindi. Sivyo ilivyokuwa. Mvua zilinyesha vyema, bei ya mahindi ikashuka, na mdogo wangu alichelewa muhula mmoja kuingia chuoni. Alinikumbusha jambo hilo mara nyingi, na hata leo halijafutika kati yake na mama. Kwa hesabu ya mwaka mmoja, mama alikosea. Lakini je, hesabu ya mwaka mmoja ndiyo hesabu ya nchi hii? Akiba haipimwi kwa mwaka wa neema, ambao kila mwaka mtu aiwekaye huonekana mpumbavu. Hupimwa kwa mwaka mmoja katika miaka ishirini. Jeshi la mwaka 1916 lilipiga hesabu ya msimu mmoja. Wakulima wa karanga wa mwaka 1947 walipiga hesabu ya majuma tisa. Nami, pamoja na shahada zangu, nilipiga hesabu ya miezi mitano. Bibi yangu peke yake ndiye aliyehesabu tangu Mtunya.

Wala tusidhani kwamba akiba ni uchoyo. Hili ndilo jambo nililolielewa mwisho. Nyumba yenye magunia sita ya chakula bila fungu la wageni ingalikuwa salama, lakini ingalikuwa kama mti usiothubutu kutoa jani kabla ya mvua. Mtundu hutoa majani yake mekundu kwa maji uliyoyaweka, mbingu zikiwa bado kavu. Mama huoka mkate wake katika mwezi ule ule, kwa unga uliowekwa, mvua zikiwa hazijulikani. Furaha hiyo si upotevu wa akiba. Ni sehemu yake iliyopangwa. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba kikijaa kina siku yake ya kumiminwa.

Hatari ya siku zetu iko mahali pengine. Mkate wa zamani uliokwa kwa kuni zilizokauka na majivu yaliyobaki. Mkate wa leo huokwa kwa mkaa, na mkaa hutoka katika miti mibichi, aghalabu miombo hii hii. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa nguvu mwaka 2016, mji umekua upesi, na majiko yake yanahitaji nishati. Magunia ya mkaa husimama kando ya barabara wakati ule ule magunia ya mahindi yanapopita. Na jambo hili halihusu uzuri wa vilima tu. Huko Mpwapwa, tangu mwaka 1933, yalifanywa majaribio miongoni mwa ya mwanzo nchini ya kupima maji ya mvua yatiririkayo juu ya ardhi. Ardhi tupu iliyokanyagwa ilipoteza kiasi cha nusu ya mvua yake. Penye kichaka kilichoachwa, chenye majani yake chini, karibu maji yote yaliingia ardhini. Basi jani lililoanguka nalo ni akiba, maana huishika mvua mahali iliponyesha. Tukiukata mti ili tuoke mkate, tutakuwa tumekula fungu la wageni, na la mbegu pia.

Nilipowaona tena wanafunzi wangu niliwaambia hivi. Mkifasiri habari za majira yale ya Ulaya, andikeni "majira ya kupukutika", kwa kuwa twayajua na tuna haki ya kuyataja. Lakini msomaji wa Kibakwe akisoma maneno hayo ataona vilima vyake mwenyewe, na atauliza maswali ambayo mwandishi wa Ulaya huenda hakuyatia kitabuni: ghala lina magunia mangapi, mlenda umewekwa, mbegu iko wapi. Akisha kujibiwa hayo, ndipo atakapoketi karibu na jiko aukate mkate. Huo ndio utaratibu wetu wa kufurahia kiangazi, nao tuliununua kwa gharama kubwa.